Jumamosi Niliyomzulia Asajile Msiba

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Misitu hakunipa bunduki wala buti. Alinipa panga, akanionyesha mkuza, yaani ule ukanda unaofyekwa kuzunguka msitu wa hifadhi ili mpaka uonekane, akasema, "Binti, msitu haulindwi kwa kukaa. Tembea." Nikatembea miaka mingi upande wa Mlima Rungwe nikifukuzana na wachana mbao, kisha nikahamishiwa kituo cha chini ya Ngosi, kwenye njia ya kupandia ziwa la kasoko, maji yaliyojaa katika shimo la volkano.

Hapo ndipo nilipokuwa mwongoza wageni. Walikuja Jumamosi: walimu, wanakwaya, wafanyakazi wa viwanda vya chai. Asubuhi wanapanda Ngosi, mchana wanakwenda kuona Daraja la Mungu, mwamba uliojitanda wenyewe juu ya mto, na wenye miguu bado wanamalizia Masoko kwenye boma la Wajerumani. Mwongozaji anayeijua kazi hutembea nyuma, pamoja na yule anayehema kuliko wote. Huhesabu watu wakifika kwenye mianzi, huwahesabu tena juu na wakati wa kushuka. Mikono yangu haijawahi kupoteza mgeni, wala hakuna aliyevunjika hata kucha.

Kisha akaletwa Asajile, kijana wa Lufingo. Nilimfundisha mimi. Alitembea mbele akipiga soga na mara mbili alisahau kuhesabu. Lakini alijua kusimulia. Mimi nikifika Masoko husema, "Hili ni boma, kuta zake ni za mawe." Yeye alisimama ukingoni mwa ziwa la hapo Masoko akaeleza mali ambayo Wajerumani waliizamisha humo, hadi walimu wazima wakachuchumaa kuchungulia maji. Na hadithi ile ni yangu! Mimi ndiye mzaliwa wa Masoko. Bibi yangu alinisimulia, nami nikamwambia Asajile tukinywa chai. Baada ya muda wageni walikuwa wakishuka garini na kuuliza, "Asajile yupo?" Mimi nimesimama hapo na sare yangu. Kizuri chajiuza, sikatai, lakini mimi nilikuwa na ubaya gani? Nilimwonea wivu, na jina lake ni hilo hilo, wivu.

Mwaka huo Bwana Misitu alitangaza kuwa anataka kiongozi wa waongozaji wote. Cheo kile nilikisubiri tangu siku ya panga. "Sichagui mimi," alisema. "Jumamosi wanakuja watu wa kiwanda cha chai. Nitawauliza wao."

Walifika kumi na wanane. Msimamizi wao, mama mmoja mnene mcheshi, alinipa mkono na papo hapo akauliza, "Dada, Asajile tumemkuta?"

Asajile alikuwa juu, akikata mti ulioangukia njia.

"Hayupo," nikasema. "Kwao kuna msiba."

Nilitegemea waseme pole na kunifuata. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Mimi Mnyakyusa, naongea na Wanyakyusa, nadhani watasikia habari ya msiba halafu wapande mlima kutazama ziwa! Kina mama walifunga vitenge kiunoni. Mikungu ya ndizi na mchele wa safari vikawa vya kupeleka msibani. "Geuza gari, twende Lufingo," mama yule akamwambia dereva, kisha akanitazama. "Nawe panda, dada. Ni mwenzako." Nikajibu kwamba kituo hakiwezi kuachwa. Hapo ningeweza kusema kweli. Sikusema.

Ya Lufingo nilisimuliwa. Walianza kulia tangu barabarani, kama tufanyavyo sisi. Mama yake Asajile, mjane, alikuwa uani akimenya ndizi. Alijua mwanawe ameondoka alfajiri kwenda mlimani, na sasa watu wanakuja kwake wakilia. Hakuuliza kitu. Alianguka palepale.

Jirani alimpigia simu Asajile, naye akashuka mlima akaenda mbio kwa bodaboda. Mama alimpapasa uso kwanza ndipo akaamini. Waombolezaji wakaanza kuulizana dada wa kituoni aliitoa wapi habari ile, na Asajile akawawahi. "Kosa ni langu," akasema. "Nilimuaga dada kwamba nakwenda kuzika, nikaghairi bila kumwambia." Basi wakapika zile ndizi palepale, wakala, mama peke yake hakugusa, naye Asajile akawasimulia Ngosi kana kwamba wameipanda. Waliondoka bila kuona ziwa, wakasema haijawahi kutokea safari nzuri kama ile. Bwana Misitu alipowauliza, walimtaja yeye.

Jumatatu Asajile alinikuta nanoa panga. "Mama hajala tangu juzi," akasema. "Wale wageni ungeniomba tu, dada. Ningekuachia." Angenitukana ningepona. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu yeye aliirefusha kwa kujibebesha aibu yangu, na kwa hilo nilimchukia kuliko nilivyomchukia kwa hadithi ya bibi. Nikafanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu. Sikumwomba msamaha.

Ninyi vijana mnaoongoza wageni leo na simu zenu mkononi, hesabuni watu. Na msidhani uzee huponya wivu. Magoti yamechoka, wivu wangu bado unapanda mlima.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Asajile alikuja kunisalimu. Nikamsomea kurasa hizi, nikafika mwisho nikasema, "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilishakusamehe siku ile ile," akasema, akafuta macho. Akanywa chai kidogo. "Ila umeianza vibaya, dada. Anza na mama anamenya ndizi."

Akaanza kusimulia. Binti yangu na mumewe, waliokuwa wakisinzia niliposoma, wakasogeza viti. Ni dhambi yangu mimi, na bado yeye ndiye anayejua kuisimulia.