Daktari Ostrander au Mtu wa Alhamisi

Ilipofika katikati ya Oktoba, simu ya Wilma Pekarek ilianza kulia tangu asubuhi, kama simu za wazee wote wa Nebraska, maana huo ndio msimu wa kubadili bima ya afya. Wenzake waling'oa waya ukutani huku wakilaani. Wilma alipokea. Alipokea hata zile za sauti ya mashine, akaiacha imalize maneno yake, kisha akaiambia asante. Ukitaka kumcheka mcheke, lakini kwanza kaa mwaka mzima katika nyumba ambayo kinachonguruma ndani yake ni friji peke yake.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mpishi mstaafu wa shule. Nusu ya watu wazima wa mji ule mdogo walikulia kwenye supu yake. Mumewe, Leonard, alifariki wakati wa mavuno ya mahindi ya mwaka uliotangulia, na binti yao, Jolene, aliishi Oregon na kupiga simu kila Jumapili. Majirani walikuwepo, tena watu wema. Theluji ikianguka, utaamka ukute mtu amekwisha kuizoa mbele ya mlango wako na kwenda zake bila kugonga. Na hapo ndipo wema wao unapokomea, nje ya mlango. Hawaingii kwa mtu bila sababu ya kushikika mkononi: sahani ya chakula cha msiba, ngazi ya kuazima. Ukiwauliza hali watakujibu "si mbaya sana," na mtu wa kule anaweza kufa kwa upweke huku bado anakuambia si mbaya sana. Wilma alikuwa hivyo hivyo, msimwonee huruma kupita kiasi.

Mwezi ule wakala wa bima aitwaye Colby Reiners aliwaita wazee katika ukumbi wa maktaba. Aliweka kahawa na sinia la biskuti.

"Zamani mlitupa pai," mzee mmoja wa safu ya mbele alinung'unika.

"Sheria, mzee wangu," Colby alisema. "Siruhusiwi kukulisha ukashiba kisha nikuuzie bima."

"Basi nilishe, nisinunue."

Walicheka, na Colby akaeleza. Serikali inakupa Medicare yako, ile bima ya wazee, lakini ukipenda unaipitisha kwenye kampuni binafsi, na huko kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza, HMO, ina orodha ya madaktari. Ukitoka nje ya orodha unajilipia mwenyewe, ila ada yake ni ndogo na nyongeza zake ni nyingi. Ya pili, PPO, unalipa zaidi lakini unamwendea daktari umtakaye. Wilma alikuwa na hiyo ya pili, na pesa haikumpa taabu. Alikuja kwa ajili ya kukaa na watu.

Kisha Colby akataja nyongeza za aina ya kwanza. Meno. Miwani. Mazoezi kwenye bwawa. "Na kwa wanaoishi peke yao," alisema, "kampuni inaleta mtu nyumbani kila wiki. Si nesi. Mtu tu, wa kukaa naye, kuzungumza, kucheza karata."

Hakuna aliyeinua mkono. Wote walitazama vikombe vyao, kana kwamba ametaja ugonjwa wa aibu. Wilma alingoja mpaka ukumbi ukabaki na viti, akamfuata wakala, akamuuliza habari za meno kwa urefu sana. Halafu, akiwa anafunga vifungo vya koti, akauliza, "Na huyo mtu. Anakuja kweli, au ni maneno ya matangazo?"

"Anakuja, Bi Wilma. Kwenu ingekuwa Alhamisi."

Colby alikwenda kwake wiki iliyofuata na kompyuta yake. Wilma alikuwa ameoka kolache, maandazi ya kuoka yenye jamu ya plamu katikati, nyingi kuliko tumbo la mtu mmoja. Colby alitafuta jina la daktari wake kwenye orodha, akatafuta tena, akatikisa kichwa.

"Daktari Ostrander hayumo. Ukihamia huku, unampoteza."

Wilma alijua uzito wa neno hilo. Ostrander alimtibu moyo huko Lincoln tangu enzi Leonard yu hai. Kabla ya kipimo chochote huinama na kumbonyeza vifundo vya miguu kwa kidole gumba, kuona kama maji yamejaa, na huku ameinama anamuuliza habari za nyanya zake. Ni yeye aliyemwambia Leonard ukweli kwamba hatapona, kisha akakaa nao kando ya kitanda bila kutazama saa. Hakuna mwingine hai, ukimtoa Jolene, aliyemjua Wilma kwa namna hiyo.

"Rudia tofauti za hizo aina mbili," alimwambia Colby. "Sijaelewa vizuri."

Alikuwa ameelewa tangu maktaba. Colby alirudia, akala kolache, akarudia tena.

"Bi Wilma, nikwambie kama mama yangu. Mwenye moyo kama wako haachi daktari anayemjua. Napata pesa yangu kwa vyovyote."

"Daktari wangu namwona mara nne kwa mwaka," Wilma alisema. "Tena kwa robo saa. Najua hesabu, nilipika kwa watoto mia tatu."

Jolene alipopiga Jumapili, alishtuka. "Mama, una kichaa? Umwache Ostrander kwa ajili ya nini?"

"Meno," Wilma alisema.

"Meno yako mazima."

"Ndiyo nataka yabaki mazima."

Alimdanganya mwanawe kwa sababu kusema lile lingine kungekuwa kumlaumu, na hakutaka kumlaumu. Alitia sahihi kabla msimu haujafungwa. Msimu ulipofungwa simu ikanyamaza, kwa kuwa alikwisha kununuliwa, na Desemba iliyobaki hakuna aliyempigia zaidi ya Jolene.

Alhamisi ya kwanza ya Januari alivaa blauzi ya kanisani. Kengele ililia, akafungua, na mlangoni akamkuta Ardith Kohout, mjane wa nyumba ya tatu ng'ambo ya barabara, aliyesali naye parokia moja miaka nenda rudi. Kifuani alikuwa na kitambulisho cha kampuni.

"Hawakuniambia jina, wamenipa namba ya nyumba tu," Ardith alisema. Uso ulimwiva kwa aibu. "Nikasema labda wamekosea."

"Hawajakosea."

Walisimama hapo baridi ikiingia ndani, wanawake wawili waliokwisha kuambiana si mbaya sana mara elfu. Mwishowe Wilma akasema kahawa ipo.

Siku hiyo walizungumza hali ya hewa peke yake. Alhamisi ya pili Ardith alileta karata, wakacheza pichi, mchezo wa wazee wa kule, na ikaonekana kwamba Ardith anaiba. Wilma alimkamata, wakacheka hadi wakafuta macho. Ardith alieleza kwamba kazi ile aliichukua apate pesa ya mafuta ya gari, kisha baada ya mizunguko miwili ya karata akasema mafuta si sababu hasa. Wilma alimwongeza kahawa. Muda ukiisha, simu ya Ardith hulia mfukoni, naye huinuka palepale na kuchukua koti. Ndivyo kampuni inavyotaka.

Wilma aliishi kwa ajili ya Alhamisi, nasema wazi. Jumatano alipiga deki sakafu iliyokwisha kuwa safi.

Daktari mpya, wa kwenye orodha, alikuwa kijana mwungwana aliyezungumza akiitazama kompyuta. Vidonge vyako ni hivi, presha yako ni hii, tuonane kiangazi. Miguu hakuigusa. Kufikia Machi soksi zilikuwa zikimwachia Wilma alama nene kwenye vifundo, na ngazi za kushukia chumba cha chini alikofulia nguo zilimfanya asimame katikati kuvuta pumzi. Alimpigia daktari huyo. Akajibiwa kwamba nafasi itapatikana baada ya wiki kadhaa.

Ndipo Colby alipopiga, bila kuombwa, na hilo nitampa sifa zake. "Bi Wilma, ukijuta, sheria inakuruhusu kurudi kwenye aina ya zamani mara moja, mwisho wa Machi usipite. Ostrander bado anapokea. Niambie tu ndiyo."

"Na mtu wa Alhamisi?"

"Huyo ni wa aina hii. Ukiondoka, wanamwondoa."

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, Wilma aligawa karata akasema bila kuinua macho, "Nikirudi kwa daktari wangu, hawatakulipa tena kuja hapa."

Ardith alipanga karata zake. Akazipanga tena. "Watanipeleka kwa mwingine, basi," alisema.

"Ndiyo. Watakupeleka."

Palikuwa na sentensi moja iliyobaki, na yeyote kati yao angeweza kuitamka. Wilma alingoja Ardith aseme atakuja tu, kampuni ilipe isilipe. Pengine Ardith naye alingoja kuombwa. Lakini hawakulelewa hivyo, na Wilma aliogopa jambo moja kuliko alivyouogopa moyo wake: kumwambia mtu njoo, naye akatafuta udhuru. Anayelipwa hatafuti udhuru. Simu ikalia mfukoni mwa Ardith.

"Haya, Alhamisi," Ardith alisema, akachukua koti.

"Alhamisi."

Siku ya mwisho ya Machi Wilma alikaa jikoni, miguu ameiinua juu ya kiti kwa sababu ya uvimbe, simu iko mezani. Dirishani aliiona nyumba ya Ardith, na Ardith mwenyewe mezani kwake, akigawa karata za mchezo wa mtu mmoja. Hakumpigia Ardith, na hakumpigia Colby. Ofisi zilipofungwa aliishusha miguu taratibu, akaanza kupiga deki, ingawa ilikuwa bado Jumanne.