Fundi, Docteur na Suruali Yangu

Juzi Hillbrow, hapa Johannesburg, nilimpelekea fundi Mkongomani suruali yangu ya usaili aifupishe. Digrii ya fasihi ninayo, kazi, zero. Mwanawe, anayemaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka huu, alikuwa pale akiandika insha kuhusu mchezo wa kuigiza wa Kimarekani. Baba humwita "Docteur" mbele ya kila mteja.

"Kaka, huyu mtoto kwenye mchezo anabadilikaje?" kijana akaniuliza.

"Anaanza akiamini kila anachoambiwa na baba yake. Mwishoni anamwambia ukweli: mimi siye huyo unayemtaka."

Kijana akaweka kalamu chini. "Papa, udaktari sitaki. Nataka kushona."

Cherehani ikanyamaza. "Kushona! Mimi nimeinama hapa miaka yote ili wewe usiiname!" Akanigeukia. "Na wewe, nani alikuuliza?"

"Yeye," nikasema.

Kijana alikuwa ameshaishika suruali. "Papa, mguu wa kushoto umeukunja zaidi."

Mzee akapima, akapima tena. "Eish." Akavua tepu shingoni, akamvisha mwanawe. "Rekebisha basi, Docteur."

Kwenye usaili wakiniuliza digrii ya fasihi imewahi kumsaidia nani, nitasimama niwaonyeshe suruali.