Jiwe la Moto la Mwezi wa Saba

Wiki iliyopita fundi alikuja kunitengenezea dari nyumbani kwangu Mountain View. Alipomwaga maji kwenye beseni la jipsam, ule unga mweupe wa dari, harufu yake ikanifikia jikoni: harufu ya ukuta mbichi, ya chaki iliyoloa. Niliacha vitunguu vikiungua nikaenda kusimama karibu naye kama mtoto. Baba yangu alinukia hivyo hivyo.

Baba alikuwa fundi wa dari. Tulikaa Kangemi, na kila jioni alirudi mweupe hadi kope. Hakuwa mtu wa maneno. Mama alisema ukitaka neno kutoka kwake umpe notisi ya mwezi mzima. Lakini mwezi wa saba, baridi ya Nairobi inapong'ata vidole hadi kalamu ikuponyoke, alinipa kitu kimoja kila asubuhi kabla sijaenda shule. Kilikuwa jiwe jeupe, dogo kama andazi, limefungwa ndani ya soksi, na lilikuwa moto. Nililibana mfukoni mwa sweta hadi darasani. Jioni nililirudisha kwenye mkebe uliokaa mlangoni, kwa adabu kabisa, nikijua kesho atalipasha tena. Nilidhani analiweka karibu na jiko.

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa sayansi, Madam Wanjiru, alitufundisha kwamba vitu vikichanganywa na kugeuka kitu kipya, huweza kutoa joto au kuvuta joto. Akaweka vikombe viwili kwenye kila dawati. Kimoja kilikuwa na magadi soda, tukakitilia maji ya ndimu. Kingine kilikuwa na unga mweupe, tukaukoroga kwa maji. Kazi yetu ilikuwa kusema kipi kinatoa joto na kipi kinavuta, na atakayepatia angewaonyesha wazazi siku ya kufunga shule. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshachagua hata utepe wa nywele.

Kikombe cha ndimu kikafura povu na kuchachatika hadi kikamwagikia daftari. Cha pili kilitulia tu kama uji uliosahauliwa. Otieno, niliyeketi naye, alisema tuvishike kwanza. Mimi mjuaji nikamwambia maziwa yakifura hakuna anayetia kidole ndio ajue ni moto. Nikaandika haraka: chenye povu kinatoa joto, kilichonyamaza kinavuta.

Madam Wanjiru akasoma, akaniangalia.

"Nekesa, ulishika hivi vikombe ama uliangalia tu?"

Nikashika. Kile cha povu kilikuwa baridi kama maji ya tangi alfajiri. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Kisha nikashika kile kingine, ambacho sasa kilikuwa kimeganda, na vidole vyangu vikalitambua lile joto kabla ya kichwa changu.

"Madam, hii ni jiwe ya babangu."

Darasa likacheka hadi na mimi nikacheka. Nikaeleza yote, soksi na mkebe. Nafasi akapewa Otieno, na ilikuwa haki yake, lakini Madam akasema nitamsaidia Otieno nikimleta huyo baba.

Baba akaja na ovaroli yake na jipsam kidogo ndani ya ndoo. Akakoroga mbele ya wazazi wote, akawapa kikombe wapitishiane. "Haina kelele, lakini ngojeni," akasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake nzima. Kikombe kilipofika safu ya nyuma, akina mama walikuwa wanakigombania wapashe mikono. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba sikuwa nimefunga utepe.

Jioni ile nilimwambia nimeshajua siri yake: kumbe hatumii jiko, analimwagia lile jiwe maji tu. Akatabasamu, akaendelea kunywa chai.

Basi wiki iliyopita nikaokota kipande cha jipsam kilichokauka, nikamwita binti yangu aone ajabu, nikakimwagia maji. Tukangoja. Tukangoja tena. Fundi akacheka huko juu ya ngazi.

"Hiyo ilimaliza moto yake siku ilishika ikawa ngumu, mathe. Haipati tena. Ukitaka ya moto, lazima ukoroge ingine."

Nikabaki nimeshika kile kipande baridi. Kumbe kila asubuhi ya mwezi wa saba, mimi nikiwa bado ndani ya blanketi, baba alikoroga jiwe jipya, akalipimia muda lishike joto wakati ninapofunga viatu. Na yale niliyomrudishia kila jioni?

Ndipo nikakumbuka tuta la sukuma wiki la mama, nyuma ya nyumba. Lilizungushiwa mawe meupe pande zote, madogo kama maandazi, na mimi nilikuwa nikiyaruka kila siku nikienda kuanika nguo.