Nyota Niliyoishuku

Je, nyota ile ilififia kweli, au niliiona hivyo kwa sababu chati ya wanaastronomia ilitabiri ingefifia? Shaka hiyo ilininyima usingizi Kendu Bay, mwaka niliomaliza chuo kikuu. Ripoti yangu ya mwangaza wake, yenye namba iliyosema imefifia kuliko nyota ya jirani, ilikuwa tayari kwenye bahasha.

Jioni iliyofuata nilimwita dada yangu, muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye hakuijua chati. Nikamwonyesha nyota hiyo na jirani yake isiyobadilika mwangaza.

"Ipi inang'aa zaidi?"

"Ziko sawa."

Nikamshuku hata yeye. Nikamuuliza tena.

"Mimi hupima umbali wa mashua za wavuvi usiku kwa taa zao," akacheka. "Wewe na digrii yako huoni?"

Asubuhi nilifungua bahasha, nikakata namba yangu ya mwisho ya mwangaza, nikaandika "sina hakika," kisha nikaipeleka posta.