Maji ya Rejeta

Mwezi uliopita, pale Makutano mjini Meru, gari lililokuwa mbele yangu lilichemka. Mvuke ulifuka chini ya boneti, na ile harufu ya kutu na mpira wa moto ikaingia dirishani mwangu. Nilipandisha kioo haraka, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilishakumbuka Jumamosi moja ya utotoni.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa mwalimu huko Muthara, na alikuwa na kigari cheupe kilichozeeka kabla hatujakinunua. Asubuhi za baridi kilikataa kuwaka mpaka kisukumwe. Mlango wa upande wa mama ulifunguka kutoka nje tu, kwa hiyo kila safari alishushwa kama bibi harusi. Hata hivyo kilitufikisha. Aliyekifanya kiendelee kutembea ni fundi Mutwiri, rafiki wa baba tangu utotoni. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu, wakabishana siasa mpaka chai ikapoa vikombeni.

Siku moja rejeta ilianza kuvuja. Fundi aliiziba, akatuonya tuongeze maji kila asubuhi mpaka apate nyingine. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Jumamosi ya harusi ya shangazi, ardhi ilikuwa imelowa mvua. Tangi la maji lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye matope, nami nilikuwa nimevaa soksi nyeupe mpya. Baba aliponiuliza kama nimejaza maji, nilisema nimejaza. Nilijiambia kwamba ya jana yangetosha.

Hatukumaliza mlima wa kwanza. Kigari kilifuka mvuke, injini ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza. Fundi Mutwiri aliitwa, akaja na pikipiki, akainama chini ya boneti kwa muda mrefu. Injini ilikuwa imeungua. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kutazama.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "hili gari lilikuwa na maji?"

"Mtoto wangu alijaza, na mtoto wangu hasemi uongo." Baba akanigeukia. "Kendi, ulijaza?"

"Ndiyo, baba."

Hapo baba akamwambia fundi, mbele ya watu wote wale, kwamba kazi yake ni ovyo na kwamba nusura atuue. Fundi alifuta mikono, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Hakurudi kwetu tena. Neno la mwalimu lilikuwa zito. Wenye magari wengine nao wakaanza kumkwepa, na mwaka haukuisha kabla hajahamia Kangeta.

Nilikusudia kusema, Jumapili baada ya Jumapili, nikimwona baba amekaa peke yake na redio. Mwanzoni niliogopa kichapo. Baadaye niliogopa aibu. Tulimzika akiwa bado ananiamini.

Baada ya siku ile ya Makutano nilienda Kangeta. Nilimkuta mzee Mutwiri gerejini kwake, kichwa chote mvi. Alinipa kiti, lakini nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mwalimu aliwahi kujua?"

"Hapana, mzee."

Alitazama barabarani kitambo, malori ya miraa yakipita.

"Basi tulikosana bure," akasema.

Miaka yote nilidhani niliua gari tu. Gari jingine baba alipata. Rafiki mwingine hakupata, na kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeweza kumrudishia yule wa kwanza kwa sentensi moja.