Tangi la Matumbawe na Kisima cha Bi Mwanasha

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza tangi la samaki, kwenye hoteli moja ya pale Shelly Beach, Fundi Mkuu hakunionyesha samaki hata mmoja. Alinipa kitambaa akaniambia nipanguse kioo cha tangi mpaka adhuhuri. "Kesho ukikuta mwani umerudi," alisema, "ujue maji yana neno nawe." Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilikuwa kijana wa Bofu, bahari nimezaliwa nayo, na sikuelewa kwa nini mtu aifungie sebuleni.

Nilikuja kuelewa, na kazi ile nikaipenda hadi mke wangu akawa ananiuliza kama nimeoa samaki. Lilikuwa tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Watu hudhani adui wa tangi ni uchafu unaoonekana. Wapi! Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hugeuka amonia, ambayo ni sumu kali. Vijidudu vya mchangani huigeuza nitriti, kisha nitrati. Hiyo nitrati ndiyo inayobaki, na haina rangi, harufu wala ladha. Samaki huivumilia, lakini matumbawe husinyaa na mwani hushamiri. Dawa yake ni kupunguza maji ya zamani na kutia mapya, nasi tuliyachota baharini wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa.

Nikiwa tayari mzoefu, nitrati ilipanda ikakataa kushuka. Kila nilipotia matone ya dawa ya kupimia, kichupa kiligeuka chekundu. Nilipunguza chakula, nikaosha sponji za kichujio, nikafyonza uchafu wa mchangani, nikabadilisha maji. Baada ya siku chache, wekundu ule ule. Matumbawe yalijikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Meneja, mtu wa bara asiye na maneno mengi, alikuwa akipita akinitazama tu, nami nilitamani afadhali anigombeze.

Fundi Mkuu ndiye aliyenitoa gizani. "Umepima kila unachokishuku," alisema. "Sasa pima usichokishuku."

Nisichokishuku kilikuwa maji matamu. Joto hupunguza maji ya tangi na chumvi hubaki, kwa hivyo kila siku huongezwa maji yasiyo na chumvi. Mifereji yetu ilikuwa mikavu na kisima cha hoteli kilikuwa cha chumvi, basi nilikuwa nikichota kwa Bi Mwanasha, jirani yangu Bofu. Kisima chake alikichimba marehemu mumewe, Mzee Hamisi, kwa mikono yake. Alipofariki, Bi akakifanya sadaka ya jariya: mwenye dumu achote bure, na kila anayekunywa, thawabu zimfikie marehemu. Mtaa mzima uliyasifu maji yale. Niliyapima, na kichupa kikawa chekundu.

Kisima kilipochimbwa palikuwa na minazi tu. Sasa kilikuwa kimezungukwa na nyumba za kupangisha, kila moja na choo chake cha shimo, na vyoo vilivuja chini kwa chini. Nilimwita afisa wa afya naye akapima, akayaona yale yale. Akaongeza jambo lililonitia hofu: mtoto mchanga akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake yaweza kushindwa kubeba hewa. Alitaka kumwambia Bi mwenyewe. Nilimwomba aniachie mimi.

Hotelini shida iliisha upesi. Meneja alinunua mtambo wa kuchuja maji, na matumbawe yakafunguka. Bofu ndiko miguu ilikokuwa mizito.

"Hodi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo waja bila dumu?"

Nilimweleza yote. Aliukunja upindo wa leso yake.

"Basi thawabu zake zikatike?"

"Hazikatiki, Bi. Watu watafua, watatawadha. Ila kunywa, la."

"Na wana wa hawa wapangaji wayanywa?"

"Wayanywa."

"Basi tukifunike, wa kufua tu ndio wakifunue. Wallahi, Hamisi hangaliridhia mwana wa mtu adhurike kwa jina lake."

Alikwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba kuwaambia kina mama. Meneja alikubali nimpelekee dumu la maji yaliyochujwa kila jioni, na nilifanya hivyo, tukiketi kidogo barazani kwake, mpaka nilipostaafu.

Sasa hoteli imeuzwa na tangi limeondolewa. Pale lilipokuwa, panauzwa miwani ya jua. Natamani kuusikia tena mvumo wa pampu asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Natamani hata kitambaa cha Fundi Mkuu. Lakini hakuna ninachokitamani kama jioni zile barazani kwa Bi.

Siku niliyostaafu nilimpelekea dumu la mwisho. Alikuwa amekongoka, macho yamefifia.

"Maji yenu ni safi, mwanangu, Mungu akulipe," alisema. "Lakini hayana mtu ndani yake. Nitekee ya kisima. Funda moja tu."

Nilisita, maana mimi ndiye niliyemnyima. Funda moja halingemdhuru mtu mzima; nilijua hilo, na hata nisingelijua sidhani ningeweza kumkatalia. Nikafunua kisima, nikateka, nikampa kata. Aliyashika maji kinywani kitambo kabla ya kuyameza.

"Huyu hapa," akasema.