Malka ya Kwenye Kompyuta

Harufu ya plastiki iliyopigwa na jua hunirudisha mara moja kwenye darasa la mabati, nje kidogo ya mji wa Garsen, ambako kila Jumamosi tulibanana mbele ya kompyuta chache kucheza mchezo wa kujenga kijiji. Mwalimu alitupa mto na ardhi tupu, vilivyobaki tuviweke wenyewe. Msinicheke, wenzangu: nilijiona gavana.

Tatizo lilikuwa Aba, baba yangu. Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe, na kwake msichana kushinda mbele ya kioo cha kompyuta kulikuwa kupoteza siku. Alikubali kuja kutazama mara moja tu, kisha aamue kama nitaendelea au nitabaki nyumbani kuchunga ndama. Usingizi uliniruka.

Siku hiyo aliingia na fimbo yake, akasimama nyuma yangu. Mwenzangu wa kompyuta, Komora, Mpokomo wa Kulesa ambaye kwao ni wakulima, alikuwa ameshapanda migomba ukingo mzima wa mto, kijani kibichi cha kupendeza. Aba aliinama akautazama ule mto.

"Sasa ng'ombe yangu itapita wapi kunywa maji?"

Kijiji kizima, na hatukuacha malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni! Nilishika kipanya nikaanza kung'oa migomba.

"We Halako! Hiyo ni shamba yangu!" Komora alipiga kelele hadi darasa zima likageuka.

"Na ng'ombe zikufe kiu?"

Alinuna. Halafu, bila kuambiwa na mtu, alininyang'anya kipanya akajenga ua kulia na kushoto mwa ile njia, ndizi zake zisiliwe. Ng'ombe wetu wakashuka hadi majini. Aba alitazama kwa muda mrefu, akakohoa.

"Jumamosi uende tena," alisema.

Nilirudi nyumbani kichwa juu, nikidhani ng'ombe wangu ndio waliomfurahisha. Nimekuja kuelewa ukubwani, baada ya kusikia wazee wa wafugaji na wa wakulima wakizozania malka za kweli mpaka sauti zikawakauka, kwamba Aba hakuwa akitazama ng'ombe. Alikuwa akimtazama Komora, mtoto wa wakulima, akijenga ule ua bila kuiziba njia. Naona fahari hata leo: watoto wawili, katika mchezo, tulimwonyesha baba yangu kitu alichokingoja maisha yake yote kwenye Mto Tana.